Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na ile mifuko 40 ya saruji

*«Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa Historia wa shule ya sekondari huku Lindi. Mwezi uliopita niliwavusha wanafunzi kwenda Kilwa Kisiwani kuuona Msikiti Mkuu, na tumerudi na mabishano. Aliyetutembeza alisema ulijengwa na Washirazi miaka elfu moja iliyopita na kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai. Kitabu tulicho nacho kinasema karne ya 14. Mwanafunzi mmoja ameshikilia kuwa ni kazi ya Wareno kwa sababu ngome yao iko pale pale jirani. Tena upande mmoja una kuba na upande mwingine uko wazi juu, na mnara hakuna. Ukweli ni upi? Nina pia jambo la nyumbani. Kijijini kwetu kuna gofu la msikiti wa mawe. Kibla chake bado kimesimama ila kina ufa. Kamati imekwisha kuchangisha mifuko 40 ya saruji ili tukipige lipu kabla ya masika. Tangu nirudi Kilwa nimeingiwa na wasiwasi. Tunakiokoa au tunakiharibu?»*

Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Wasiwasi wako una msingi, na nakuomba uiambie kamati isifungue mfuko hata mmoja hadi umalize kusoma jibu hili. Lakini tuanze Kilwa, kwa sababu jibu la kijijini kwenu limo ndani ya nguzo za msikiti ule.

Mabishano ya darasa lako yanatokana na jambo moja: kila mtu anautafutia msikiti ule siku moja ya kuzaliwa, nao hauna. Ulijengwa, ukaongezwa, ukaanguka, ukajengwa tena. Mliposimama ndani yake mlikuwa mmesimama katika misikiti isiyopungua mitatu iliyounganishwa. Kwa hiyo mtembezaji wenu hakukosea sana, na kitabu chenu nacho hakikukosea. Kila mmoja alikuwa anasema habari za chumba chake.

Ule upande wa kaskazini ulio wazi juu ndio mkongwe. Ni wa karne ya 11 au ya 12, na chini yake wachimbuaji waliona dalili za jengo la kabla ya hapo, pengine la karne ya 10. Ulikuwa ukumbi mdogo: nguzo tisa kwa safu tatu, zikiigawa nafasi katika miraba 16, na paa bapa juu. Haukuwa na ua wa ndani kama misikiti mikubwa ya Bara Arabu ya zama zile. Wote uliezekwa, na huenda ni miongoni mwa misikiti ya kwanza popote kujengwa hivyo. Ukishawahi kuswali adhuhuri pwani yetu mwezi wa pili, huhitaji mtaalamu wa kukueleza kwa nini waashi wa Kilwa waliona heri kuezeka kote.

Sasa, kwa nini hauna paa leo? Paa bapa la Kiswahili hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwapigwa hadi ishikane. Paa hilo ni zito mno, na boriti haiwezi kulibeba kwa upana wowote utakao. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya mawe toka Lamu hadi Kilwa vina upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hata nyumba ya tajiri. Alichoongeza tajiri ni urefu wa chumba na idadi ya vyumba. Upana uliamuliwa na mti. Na mti una adui wawili, maji na mchwa. Boriti zikioza, paa lote linashuka. Kuta za kaskazini zimebaki kwa kuwa ni mawe, na paa limekwenda kwa kuwa lililegemea miti.

Karne ya 14 mwanzoni Kilwa ilikuwa imetajirika. Dhahabu ya bara, kutoka nchi ya Zimbabwe Kuu, ilishuka pwani Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Sofala ilikuwa mkononi mwa Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa kule kwenye jabali mashariki ya mji, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Enzi hiyo hiyo msikiti ukapanuliwa kusini, ukawa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa awali. Safari hii mafundi hawakutaka kufungwa na boriti. Walitaka kuba na dari za tao, zile ndefu zinazofanana na mtumbwi uliopinduliwa. Na nguzo zake, badala ya kuzijenga kwa mawe madogo, walizichonga kila moja kutoka katika jiwe zima la tumbawe.

Lazima zilikuwa nzuri kuzitazama. Lakini kuba ina tabia ambayo boriti haina. Boriti inakandamiza chini tu. Kuba na tao hukandamiza chini na vilevile husukuma nje, kama mtu aliyekaa mlangoni akatanua magoti yake dhidi ya miimo. Nguzo nyembamba ya jiwe moja inavumilia mzigo wa juu vizuri sana. Ukiisukuma ubavuni, haina la kufanya. Sehemu ile iliporomoka kabla karne ile haijaisha. Wako wanaolitaja tetemeko la ardhi, na huenda lilichangia. Mimi naona jengo lenyewe lilikuwa na ugonjwa tangu siku ya kwanza.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko yote. Karne ya 15 watu wa Kilwa walilijenga upya, na hawakurudia nguzo zile. Walijenga nguzo nene zaidi, za pembe nane, kwa mawe madogo na chokaa, wakafunga matao kati yake, wakaweka kuba na dari za tao upya. Hizo ndizo mlizopita chini yake. Ukirudi na wanafunzi, waambie wapitishe mkono kwenye nguzo mahali lipu ilipobanduka. Watagusa vijiwe vilivyopangwa, na kati yake chokaa nyeupe yenye punje za mkaa. Ule mkaa ni wa tanuri iliyochoma chokaa yenyewe. Mtoto akishaona punje ile nyeusi kwa macho yake hataisahau kama anavyosahau tarehe za ubaoni.

Kusini-mashariki kuna kile chumba cha kuba kubwa, ambayo hadi karne ya 19 haikupata mwenziwe kwa ukubwa Afrika Mashariki. Nje kuna kisima, birika la udhu na lile jiwe la kusugulia miguu. Watembezaji wengi hulipita haraka, nami sijui kwa nini, kwani hakuna kitu pale kinachokuleta karibu na watu wenyewe kuliko jiwe lililokwanguliwa na nyayo zao.

Suala la mnara ni jepesi. Misikiti ya kale ya Waswahili kwa kawaida haikuwa na mnara. Adhana ilitolewa mlangoni au juu ya paa. Hakuna kilichoanguka hapo.

Kuhusu Wareno, mpe mwanafunzi wako hesabu tu. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 akamlazimisha mtawala kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile iliyeyushwa ikatengenezwa chombo cha kanisa mwaka 1506, na kipo Lisbon hadi leo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome. Mwaka 1512 wakaondoka. Miaka saba. Walipofika, msikiti ulikuwa tayari mzee, umeshaanguka na kujengwa upya. Na hata lile Gereza, yaani ngome mnayoiona leo, sehemu kubwa ni kazi ya Waomani walioijenga ngome upya karibu na mwaka 1800.

La Washirazi linataka utulivu kidogo. Hadithi ya Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz, Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia, imo katika tarihi ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za watawala wake, iliyoandikwa karne ya 16, miaka mia tano na zaidi baada ya mambo yenyewe. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alizitazama sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan akasema mtu huyo ni wa karibu mwaka 1200. Halafu mwaka 1984 ikaibuka hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, na dinari ya mwisho ni ya mwaka 1066. Jina lile lile lilikuwamo. Kwa hiyo Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Mtu huyo alikuwepo, sarafu zake tunazo. Kuzungusha kisiwa kwa nguo ni jambo jingine.

Lakini kuwa na mtawala anayejiita Mshirazi si kusema jengo lilishushwa kutoka merikebuni. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti chini ya msikiti, hadi kufikia kijengo kidogo cha miti cha mwishoni mwa karne ya 8, katikati ya kijiji cha watu wa pwani. Mawe yalikuja baadaye, hatua kwa hatua. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akasema wengi wa wakazi wake ni Zanji, yaani Waafrika wa pwani, weusi sana, wenye chale nyusoni. Na mwaka 2023 ulitoka uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara: kwa wengi, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na upande wa baba ulikuwa na damu ya Uajemi iliyoanza kuchanganyika kuanzia karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosema «sisi ni Washirazi» hawakuota, na wanaosema «huu ni ujenzi wa Waafrika» hawaongopi. Mwambie kila upande wa darasa ukae chini.

Kabla sijaondoka Kilwa, nikupe zoezi moja la somo. Beba dira. Kilwa iko longitudo ya nyuzi 39 na nusu mashariki, na Makka iko karibu nyuzi 39 na dakika 49. Yaani kutoka Kilwa, mwelekeo wa kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Simamisha mtoto mbele ya mihrabu na dira mkononi, aone sindano inavyoelekea.

Haya, mayai. Nimeambiwa habari za mayai Kilwa, nimeambiwa Bagamoyo, nimeambiwa Unguja. Kwa ujenzi wa mji mzima ungehitaji kuku wa nchi nzima, na chokaa haiyahitaji. Chokaa ni jiwe la bahari lililochomwa. Ukilichoma tumbawe kwa moto mkali, linatoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake na kubaki jiwe jepesi lenye kiu. Ukilimwagia maji linafoka, linatokota, linakuwa uji mweupe. Hiyo ndiyo kuzima chokaa. Uji ule ukikaa shimoni kwa miezi unakuwa laini kama siagi. Ukiupaka ukutani, unaanza kuivuta tena kutoka hewani ile hewa uliyoitoa tanurini, polepole, na kidogo kidogo unarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa Kilwa ni tumbawe lililounganishwa kwa tumbawe. Jiwe na kiungo ni ndugu: vinavuta maji kwa namna moja, vinakauka kwa namna moja.

Na hapo ndipo saruji inapoingia kama mgeni asiyejua desturi za nyumba.

Ukuta wenu wa matumbawe hauna msingi wenye karatasi ya kuzuia unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini kama mafuta katika utambi, na kwa kuwa mko pwani, yanapanda na chumvi. Ukuta wenye lipu ya chokaa unapumua: maji yanatokea usoni na kukauka, chumvi inaganda pale juu ya lipu, lipu inabanduka taratibu, mnapaka nyingine. Lipu ya chokaa ni nguo. Inachakaa ili mwili usichakae. Saruji haipumui hivyo. Maji yakifika nyuma yake yanakwama, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na yanapokauka chumvi inagandia ndani ya tumbawe, nyuma ya lipu. Chembe za chumvi zinapoganda zinatanuka na kupasua vitundu vya jiwe kimoja baada ya kingine. Kwa nje mnaona ukuta mgumu, wa kijivu, umenyooka. Ndani jiwe linageuka unga. Na saruji ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo ukuta ukicheza kidogo, kinachopasuka si saruji bali jiwe la kale.

Hili sikulisoma tu. Nilipokuwa kijana kazini tuliziba kwa saruji ubavu wa kaburi moja la kale, mahali ambapo sitapataja. Tulijivunia kazi ile. Baada ya masika mawili nilirudi, nikagonga kwa kifundo cha kidole, ukatoa sauti ya debe tupu. Nilipoibandua kwa mkono, lipu ilitoka nzima kama ganda la mkate, na nyuma yake imebeba uso wa jiwe pamoja na nakshi zake. Nakshi zile zilikuwa zimekaa pale karne kadhaa bila sisi.

Mna njia tatu, na nitazisema kwa ukweli.

Ya kwanza ni saruji. Ni ya haraka, fedha imekwisha kutoka, fundi yupo, na kwa miaka miwili mitatu kila mtu atasifu. Siishauri hata kidogo juu ya kibla. Ila mifuko ile si hasara: mkijenga choo, birika jipya la udhu au uzio mbali na gofu, saruji itafanya kazi yake vizuri.

Ya pili ni chokaa. Ndiyo dawa, lakini si rahisi. Inataka chokaa iliyozimwa vizuri. Ile ya mifuko iliyokaa dukani mwaka mzima mara nyingi imekufa, haishiki. Inataka mchanga usio wa ufukweni, kwani wa ufukweni unaingiza chumvi mnayoikimbia. Inataka fundi aliyewahi kuishika, na wamebaki wachache; wengi utawapata Zanzibar na Lamu. Inataka kufunikwa na magunia mabichi isikauke haraka. Na msivunje mwamba hai wa baharini kupata mawe. Mawe yaliyodondoka kwenye gofu lenyewe mara nyingi yanatosha. Jueni pia kwamba lipu ya chokaa iliyopigwa wiki mbili kabla ya masika itasombwa. Mmeshachelewa kwa mwaka huu.

Ya tatu, ambayo ndiyo ningeifanya kama kijiji kingekuwa changu, ni kufanya machache kabla ya mvua na kuacha mengine. Kateni miche iliyoota juu ya ukuta usawa wa jiwe. Msiing'oe, mizizi itatoka na mawe. Ondoeni udongo uliorundikana chini ya ukuta, na chimbeni njia ya maji ya mvua yaelekee mbali, lakini msichimbe karibu kiasi cha kufukua msingi. Egemezeni kibla kwa boriti pande mbili, na gunia au ubao kati ya mti na jiwe. Juu wekeni kipaa cha makuti kilichosimama kwa nguzo zake chenyewe, kisiguse ukuta. Kitaonekana kama banda la samaki, na wazee watanung'unika. Wavumilie.

Kuna jambo jingine ambalo kamati inapaswa kulijua. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa, hata kama halina bango wala uzio. Gofu la msikiti wa mawe pwani ya Lindi kwa uwezekano mkubwa limo. Kulitengeneza bila idhini kunaweza kuwaletea kesi watu waliokuwa wanatafuta thawabu. Andikeni barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mkiambatanisha picha: moja ya mbali, moja ya kibla kizima, moja ya ufa ikiwa na rula pembeni.

Huo ufa ndio unaonitia shaka, na kwa maandishi siwezi kuupima. Ufa ulioanza zamani ukatulia ni kovu. Ufa unaotembea ni hatari. Leo hii fanya hivi: chukua chokaa au jasi kidogo, paka kibandiko chembamba cha upana wa viganja viwili kikikatiza ufa, kimoja juu na kimoja chini, na uandike tarehe kwa penseli juu yake. Vitazame kila Ijumaa. Vikibaki vizima, mna muda wa kusubiri mtaalamu aje na kufanya kazi ya chokaa kiangazi. Kimoja kikikatika, au ukiona kibla kimeinama kuelekea mnapokaa, usingoje barua ijibiwe. Fungeni kamba hatua kumi pande zote, watoto wasipite, dua isomewe nje, na upige simu wilayani siku hiyo hiyo kuomba mtu wa kuja kukitazama.